Maji ya Mjomba Fakihi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yasmini alifagia uwanja wa nyumba yao huko Mbagala, kisha akamsubiri mjomba wake, Fakihi, aliyeuza maji mtaani kwa mkokoteni. Mjomba alikuwa mcheshi na mkarimu. Hata sare aliyovaa Yasmini ilinunuliwa na yeye.

Siku moja Yasmini alipita njia ya mkato, akamwona mjomba akichota maji kwenye kisima kilichofungwa na afisa afya, kwa sababu choo cha jirani kilikuwa kinavujia humo. Mjomba alimwona pia. Akaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze.

Jioni Yasmini alimweleza mama yake. Kwanza mama alifunga mlango. Akamwambia kwamba kwao kusini mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, na mtoto hamsemi mjomba wake mbele ya watu.

Wiki hiyo mtoto wa nyumba ya nyuma alianza kuharisha na kutapika. Akafuata bibi muuza vitumbua. Kisha Farida, rafiki yake Yasmini, hakuonekana shuleni. Yasmini alikwenda kumtazama, akamkuta amelala mkekani, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Kando yake palikuwa na dumu la maji ya Mjomba Fakihi. Yasmini alirudi nyumbani mbio.

Alimkuta mama uani, akimwaga mchangani maji aliyoletewa na mjomba asubuhi ile.

"Mama," alisema, "kama sisi hatuyanywi, kwa nini akina Farida wayanywe?"

Mama aliliweka chini dumu tupu. Kisha akajifunga khanga, wakaenda pamoja kumweleza ukweli mama yake Farida, na kutoka hapo kwa afisa afya. Farida alikimbizwa hospitali, akatundikiwa dripu. Kisima kilifukiwa, na Mjomba Fakihi akapigwa marufuku kuuza maji.

Farida alipona, na wagonjwa wengine pia. Lakini ndugu walipiga simu kutoka kusini wakimlaumu mama kwa kumchongea kaka yake. Yasmini alipomwamkia mjomba njiani, hakuitikia shikamoo yake.

"Mjomba hatupendi tena?" Yasmini alimuuliza mama, akilia.

"Ametukasirikia," mama alijibu. "Mimi bado nampenda. Nilidhani kumficha ndiyo heshima, mwanangu. Kumbe nilikuwa namwacha aue watoto wa wenzangu, huku wa kwangu nikimkinga. Ndugu yako akikosea, mzuie. Huko ndiko kumpenda, hata kama atakununia."