Waya Nyuma ya Picha

Kila asubuhi ya likizo nilifika na mama mdogo katika ofisi ya vitambulisho kabla mlango haujafunguliwa. Mama mdogo ni mchoraji, lakini hatumii brashi. Picha zake anazitunga kwenye kompyuta. Aliyoiweka ukutani mle ilikuwa skrini nyeusi, na pembeni vibao viwili vya shaba vilivyoachana hatua mbili. Mtu akigusa kibao kimoja, mwingine cha pili, kisha wakashikana mikono, ndege hutokea na kuruka skrini nzima. Kazi yangu ilikuwa kufuta vibao na kuwakaribisha watu.

Watu wenyewe sasa! Foleni ile ilikuwa na hasira tangu saa mbili asubuhi.

"Nishikane na nani?" alifoka fundi cherehani mmoja, mama wa miwani. Akamwonyesha kidole bwana mnene aliyesimama mbele yake. "Na huyu mruka foleni? Mimi na yeye tutashikana mashati!"

Wiki mbili zilipita bila ndege hata mmoja. Kisha asubuhi moja mkuu wa ofisi akamwambia mama mdogo, "Kama haijawaka kufikia saa sita, ing'oe uondoke nayo."

Kazi ya miaka miwili! Roho iliniuma. Mama mdogo alipotoka kunywa maji, niliviunganisha vibao kwa waya, nikauficha nyuma.

Ndege wakaruka. Mkuu akatabasamu. Mama mdogo alirudi akapiga makofi kwa furaha, nami nikajifanya sijui lolote.

"Hebu ngojeni," fundi cherehani akasema. "Mbona wanaruka na hakuna aliyegusa?" Akachungulia nyuma, akauona waya. "Kumbe tapeli wewe!" akamwambia mama mdogo.

Foleni nzima ikazomea. Mkuu akaamuru picha iondolewe saa ile ile. Hakuna aliyenishuku mimi, na nilitamani sana kunyamaza. Lakini aibu ile ilikuwa yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye hajui kitu." Nikauchomoa waya mbele ya wote. Skrini ikawa nyeusi.

"Waongo nyote wawili!" fundi cherehani akafoka. "Haijawahi kuwaka hii. Tazameni!" Akabandika kiganja kwenye kibao, akamdaka bwana mnene kifundo cha mkono. "Wewe mruka foleni, gusa huko!"

Bwana akagusa huku akiguna. Ndege mmoja akatokea, kisha kundi zima. Fundi cherehani akabaki ameduwaa, hata akasahau kuuachia mkono wa watu.

"Basi ibaki," mkuu akasema.

Nikadhani yameisha. Mama mdogo akaniita pembeni.

"Kiherehere wee, njia ya mwongo ni fupi. Ulitaka kunisaidia, ukanifanya niitwe tapeli. Umekiri, vizuri. Lakini hawa wote umewadanganya. Kawaombe radhi mmoja mmoja, kwa kuwapa mkono."

"Wote?"

"Wote."

Walikuwa arobaini na watatu. Wengine walinipa ncha za vidole, mmoja akanigeuzia uso. Fundi cherehani nilimwacha wa mwisho kwa woga. Aliubana mkono wangu mpaka ukauma.

"Ukweli umeusema huku unatetemeka," akasema. "Siku nyingine useme mapema, mwanangu."