Kadi Iliyotoweka Chumbani mwa Vika

Saa nane na dakika arobaini mchana Vika alifungua kamera ya kuazima akakuta kadi ya picha haimo. Picha mia nne za harusi ya kaka yake, Semisi, zimekwenda na maji! Na jioni ileile baba yao, aliyelazwa hospitalini Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, alikuwa akizisubiri.

Vika hakuwa mpiga picha. Alitwishwa kazi hiyo juzi tu. Tangu asubuhi amewakata watu vichwa pichani, na nguruwe wa kubanikwa amempiga picha mara kumi na mbili kwa kuwa ndiye pekee aliyetulia, mpaka kadi ikajaa. Saa nane kamili akaiacha kamera kitandani mwake akaenda kula. Sasa alitaka kulia kwa hasira. Badala yake akaichunguza: kidirisha cha kadi kiliteleza kwa mafuta ya nazi yenye harufu ya msandali.

Alianza na binamu yake Taniela, aliyepigwa picha akisinzia kanisani.

"Uliingia chumbani mwangu?"

Taniela akatazama chini. "Dada, mimi kaka yako. Nivuke mlango wako, nikazikwe wapi?"

Kweli, kwa mila yao huo ni mwiko. Tangu azaliwe, Vika hakuwahi kumwona kaka wala binamu wa kiume akikanyaga kizingiti kile. Mwizi, basi, huenda alikuwa mwanamke.

Akamfuata Lupe, dada wa bibi harusi. "Uliapa utaifuta mwenyewe ile picha yako, mdomo umejaa magimbi!"

"Nifute saa ngapi, wifi? Tangu saa sita napakua. Nusa!" Akamsukumia viganja puani. Kitunguu kitupu.

Mafuta je? Bibi harusi alipakwa saa nane na robo, kabla ya kucheza. Vika akamkumbuka aliyempaka, akaenda kumtafuta.

Shangazi Losaline, dada wa baba, alikuwa mkekani, mahali pa heshima. Vika akapiga magoti.

"Shangazi, kadi..."

"Ninayo. Shangazi haibi kwa watoto wa kaka yake. Anachukua."

"Lakini baba anasubiri!"

"Ndiyo maana! Nimezitazama zote. Mimi nimo ngapi?"

Vika akahesabu moyoni: hata moja.

"Tangu Pasaka mimi na baba yako hatusemezani. Akiziona hizi, atasema nimesusa hata harusi ya mwanawe. Anaweza kufa na neno hilo."

Aibu na hasira vikampanda Vika pamoja. "Nilikuogopa! Wewe umekaa, mimi nimesimama, ningepigaje picha juu ya kichwa chako bila kukuvunjia heshima?"

"Si ungekaa, mjinga wee!"

Vika akakaa. Akaipokea kadi, akairudisha kamerani, akafuta nguruwe wote kumi na wawili, akamlenga shangazi, akabonyeza.

Saa kumi na moja, hospitalini, baba aliishika kamera kwa mikono miwili. Picha ya kwanza kutokea, ile ya mwisho kupigwa, ilikuwa imepinda, kama kawaida ya Vika. Baba hakutaka kuona ya pili.

"Kumbe dada alikuja," akasema.