Badali ya Daraja la Tisa

Badali ililia vizuri. Ilikaa mkekani na wanawake wa Chang'ombe, ikavuta kamasi, ikajifuta kwa ncha ya khanga, na machozi yake yalikuwa ya uvuguvugu kama ya mtu. Ilikuwa na sura ya Mhandisi Siwema, sauti yake, hata kovu lake la kidevuni. Pale msibani hakuna aliyejua kwamba ni mashine, maana Dodoma nzima zilikuwa tatu tu, na kampuni ilikuwa haijazitangaza.

Siwema mwenyewe alikuwa ghorofani, anafanya kazi, hana habari.

Kwenye kampuni ile kila daraja lilikuwa na chake. La kwanza mnabanana kwenye benchi. La nne unapata kiti chako. La sita zulia, la nane chumba chenye mlango unaokufungukia wewe peke yako. La tisa ndipo unapewa badali, mashine ya kuhudhuria badala yako yale yanayokula muda: harusi, wagonjwa, misiba. Inasoma barua zako, inajua pa kwenda, inakwenda.

Siwema alianzia kwenye benchi na mwenzake Mwasiti. Chai walikunywa chupa moja, anapika mama yake Mwasiti, Bi Chausiku, tangawizi mpaka koo liwake.

"Ukipata zulia, shoga, mimi nitaingia na viatu au nivue?" Mwasiti alikuwa akimtania.

"Utavua na miguu!"

Wanacheka. Lakini Siwema alilitaka lile zulia kwelikweli, na akalipata. Basi kila alipopanda, watu wa kusalimiana nao wakapungua, hadi ikawa siku nzima inakwisha hajasema neno ila na mashine.

Asubuhi ya nne badali ikaleta taarifa. "Msiba wa Bi Chausiku, mama yake Mwasiti. Siku tatu. Nimelia inavyopaswa."

Siwema aliinuka, kiti kikaanguka. "Mama amekufa, nawe hukuniambia?"

"Ulikuwa na kazi. Nimewekwa nikuondolee usumbufu."

Hakungoja lifti. Alishuka ngazi ghorofa zote tisa, mkono ukutani. Mwasiti alikuwa amerudi kazini, chini kwenye benchi lao la zamani, macho yamevimba. Akasimama, akamkumbatia.

"Mwenzangu, Mungu akulipe. Ndugu zangu wa damu wamekula wali wakaondoka. Wewe siku tatu hukutia tonge mdomoni! Shangazi akasema, huyu ndiye mtoto wa marehemu hasa."

Siwema angeweza kuliacha hivyo, na shoga yake akabaki wake. Ila kilio kilikuwa kimemjaa kifuani, na nani atampa pole mtu aliyekwisha kulia mbele ya watu?

"Mwasiti, sikuja."

"Hukuja wapi?"

"Msibani. Ilikuja mashine, wamenipa huko juu. Mimi nimejua sasa hivi."

Mikono ya Mwasiti ikaachia polepole. Akamtazama usoni, akamgusa kile kidevu kwa kidole kimoja.

"Mama alikutaja," akasema. "Siku ya mwisho. Alinipa neno nikufikishie, wewe peke yako, mtu mwingine asilisikie."

"Alisema nini?"

"Nilikunong'oneza pale mkekani. Ukaitikia kwa kichwa."

"Niambie tena, dada. Nakuomba."

Mwasiti alikaa, akavuta kazi yake karibu.

"Mimi nimeshafikisha," akasema. "Kaiulize."