Pasipoti Kumi na Nane za Nyota ya Kimanga

Kasha la chuma lilikuwa wazi, nalo lilikuwa tupu. Pasipoti kumi na nane, zote zenye viza ya Ubelgiji, zilikuwa zimetoweka.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Basi la kuwavusha wachezaji mpaka wa Kavimvira, kuelekea uwanja wa ndege wa Bujumbura, lilipaswa kuondoka saa tano. Bila pasipoti hizo Nyota ya Kimanga, mabingwa wa taifa wa kandanda ya wanawake na washindi wa kombe la Liège mwaka uliopita, wasingeweza kwenda Ulaya kulitetea kombe lao.

Inspekta Pétronille wa polisi ya upelelezi aliingia ofisini mwa klabu akiwa bado na mchanga kwenye viatu. Alikuwa amekuja kwa njia ya ufuoni, akipita kando ya mitumbwi iliyovutwa nchi kavu na nyavu zilizokauka. Kocha, Jean-Berchmans, alisimama kumpokea. Nahodha, Ushindi, alisimama pia, macho yamevimba kwa kilio. Mtu mmoja tu alisalia ameketi: Clovis, rais wa klabu, katika kiti chake kikubwa chenye mto wa zambarau, akiwa amelipa mgongo dirisha na ziwa zima la Tanganyika. Alimnyooshea Inspekta ncha za vidole, kama mtu anayemtupia paka mabaki.

Pétronille alizigusa. Alikwisha kuwazoea wanaume wa aina hiyo. Hawamwinukii mwanamke hata nyumba ikiungua.

Mtaalamu wa alama za vidole alipiga magoti mbele ya kasha, akakichunguza kitasa.

"Hakijavunjwa, chef. Kimefunguliwa na ufunguo."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," kocha akajibu. "Moja yangu, ingine ya Président."

"Wako uko wapi?"

Jean-Berchmans akavuta kamba shingoni. "Hii hapa, Maman. Tangu saa kumi na moja tulikuwa ku kanisa, kuombea safari, minye na bachezaji bote kumi na nane. Muulize padiri. Tulifika hapa saa moja, tukakuta Président ameketi pale, anapiga kelele ya kama tumeibiwa."

"Na wewe, Président?"

Clovis akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mabango ya uchaguzi. "Ma fille, mutoto wangu, usipoteze wakati na minye. Hawa batoto njo baliiba."

"Waibe pasipoti zao wenyewe?"

"Akili ya mwanamuke, weye unaielewaka?"

"Ninajitahidi," Pétronille akasema kwa upole.

"Unabapa kombe moja, banafikiri bamekuwa bantu bakubwa! Mwaka jana huyu Ushindi alisema na bajournaliste ya Bulaya kuliko minye mwenyewe."

"Papa, baliniuliza, nikajibu," Ushindi akasema.

"Ona! Anajibu tena!"

Pétronille akafungua daftari. "Ulikuwa wapi kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja?"

"Ku Kalundu, ku beach. Nilienda kununulia hawa batoto ndagala mubichi, bakule mbele ya safari. Minye mwenyewe, na miguu yangu! Président gani mwingine anafanya vile?"

"Ulizipata dagaa hizo?"

"Mingi sana! Mapirogue ilikuwa inatoka mu ziwa, imejaa mpaka inataka kuzama. Bavuvi banaimba."

"Ziko wapi sasa?"

"Nilizipeleka kwa mama moja wa samaki, azikaange."

"Jina lake?"

"Mama wa samaki! Bale nabo biko na majina?"

Ushindi, aliyekuwa akilia tangu saa moja, akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu.

"Baba yako anafanya kazi gani?" Pétronille akamwuliza.

"Ni mvuvi, Maman."

"Leo ameleta nini?"

"Hakuna kitu. Iko analala ku nyumba, siku ya ine sasa. Mwezi ni mukubwa. Usiku ukiangaza vile, ndagala haikuye karibu na taa, bavuvi habaingie mu ziwa. Ku soko ndagala mubichi hakuna tangu misa ya dimanche. Hata mutoto wa kunyonya anajua."

Tabasamu la Clovis lilibaki mahali pake, bila mwenyewe. Kwa miaka hamsini na miwili alikuwa amekula ndagala pasipo kujiuliza zinafikaje sahanini. Mkewe alizinunua, binti zake walizikaanga, yeye alizitafuna. Na nyuma ya kisogo chake, dirishani, mitumbwi ilikuwa imelala mchangani, na taa za kuvulia hazina hata tone la maji. Angegeuza shingo tu, angepata uongo ulio bora zaidi.

"Simama, Président."

"Niko na mugongo mubaya."

"Kocha alikukuta umeketi. Mimi nimekukuta umeketi. Nilidhani ni dharau tu. Nilikuheshimu kupita kiasi. Simama."

Akasimama. Chini ya mto wa zambarau zilikuwamo pasipoti kumi na nane, bado zina joto.

"Kocha alifika mapema," Clovis akanong'ona. "Sikupata nafasi ya kuzitoa."

"Kwa nini ulizichukua?"

Alitoa mfukoni mwa koti kipande cha gazeti, kilichochakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. "Ku Liège, siku ya kombe, mupiga picha alinisukuma pembeni. Akanipa casier ya machupa ya maji nishike. Minye! Alifikiri njo nabebaka maji. Angalia: mu gazeti ninaonekana kiwiko tu. Nilitaka ndege iende bila bo, kisha minye nizipate. Bangejua bila Clovis hawafiki popote."

"Wasichana kumi na nane," Pétronille akasema, "mwaka mzima wa jasho, kwa ajili ya kiwiko."

Alizipiga picha pasipoti kwa ajili ya jalada la kesi, akamkabidhi Ushindi, naye akatia sahihi ya kuzipokea.

Saa tano kamili uani mlijaa waandishi wa habari, walioalikwa na Clovis mwenyewe. Alitolewa akiwa na pingu, akainua mikono yote miwili ili kuuficha uso. Hapakuwa na haja. Ushindi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya basi, kombe kichwani, na kamera zote zilimwelekea yeye. Mpiga picha mmoja, akirudi nyuma kutafuta nafasi, alimsukuma rais kando bila kumtazama.

"Papa, utupishe kidogo."