Barua ya Mtaro

Kufuli lilikuwa zima, na hilo ndilo lililomuudhi kwanza Inspekta Ogwal.

Sanduku la bati lilikuwa juu ya kitanda. Mwenyewe, Mama Aber, alikuwa na ufunguo wake wa pekee shingoni. Ndani mlikuwa na redio, nguo za marehemu mumewe aliyekuwa sajini wa magereza, na kilo mbili za sukari. Mwaka ule wa sabini na tano Kampala nzima ilikuwa ikitafuta sukari kama dawa. Mwizi aliiona, akaiacha. Alichukua karatasi tano tu.

"Karatasi za nini?" Ogwal aliuliza.

"Barua ya kwenda kwa gavana. Ina majina mia moja arobaini na matatu."

Ogwal aliweka kalamu chini.

Mama Aber alieleza bila haraka. Yeye ndiye mwenyekiti wa umoja wa wakazi wa sehemu ile ya Bwaise. Mkandarasi aliyepewa kazi ya kuchimba mtaro alikuwa ameacha rundo la udongo mdomoni mwa kalvati, lile bomba la kupitishia maji chini ya barabara, akaondoka. Mvua za Aprili zilipokuja, maji yaliingia majumbani na kuwachukua watoto wawili wa nyumba moja. Lakini redio ilikuwa imetangaza mara mbili kwamba mtaro umekwisha. Barua iliuliza swali moja tu: nani aliikagua kazi hiyo akasema imekwisha?

Ogwal alikuwa mtu wa kabila la Walango, la rais aliyepinduliwa, na alikuwa polisi kwa miaka kumi na minane. Tangu wanajeshi washike nchi, aliwaona wenzake wa kwao wakiitwa nje ya ofisi na wasirudi. Yeye alijificha ndani ya kesi ndogondogo za kuku na baiskeli. Sasa huyu mama alikuwa amemletea kesi ya namna hii.

"Mama, siku hizi mtu anakuja polisi kusema alikuwa na barua ya kuilalamikia serikali?"

"Nimeibiwa, afande. Unataka nikaripoti wizi kwa nani?"

Ogwal aliokota kalamu, ikakataa kuandika, akaazima penseli.

Aligeuza sanduku. Skrubu za bawaba za nyuma zilikuwa na mikwaruzo mipya. Mtu alizifungua, akachukua alichotaka, akazirudisha. Kwenye karatasi nyeupe iliyobandikwa ndani ya kifuniko palikuwa na alama ya kidole, nyeusi na yenye mafuta. Aliinusa. Haikuwa ya wino wa zambarau ambao, kwa maelezo ya Mama Aber, watu walitilia dole gumba kwenye barua. Aliikata karatasi ile na kuitia ndani ya bahasha. Mama Aber alisema Jumatatu, tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita, alikuwa kwenye foleni ya chumvi.

Kabla ya jioni mkuu wake, Mrakibu Muhamadi, alikuwa amekwisha kusikia. Hakumtaka mwizi. Alitaka orodha ya majina iwe mezani kwake Ijumaa, maana wakubwa wameiulizia. Ogwal aliomba gari, akaambiwa hakuna petroli. Aliomba fomu za maelezo, akaambiwa aandike nyuma ya zile za zamani.

Basi akatembea kwa miguu. Mama Aber alikataa katakata kumtajia jina hata moja, kwa hiyo ilimbidi atafute madole gumba yenye rangi. Wino ule haukutoka kwa maji matupu, na sabuni nayo ilikuwa adimu. Siku nzima watu walificha mikono mifukoni, mgongoni, chini ya watoto wachanga. Mmoja alimwambia amekula zambarau. Mwingine, bila kupepesa macho, alisema amezaliwa hivyo.

Alhamisi asubuhi, Bibi Kulusum, mwuza makaa, alimwonyesha dole lake mwenyewe na kumgombeza kwa kuchelewa.

"Kuchelewa na nini, Bibi?"

"Na sukari. Ile tuliyotilia dole. Kilo moja kila nyumba."

Ogwal alirudi kwenye milango ile ile. Safari hii hakuuliza habari za barua, aliuliza habari za sukari. Mikono ikatoka mifukoni. Kila mmoja alikuwa na lalamiko, na wawili walitaka aandike kwamba familia zao ni kubwa.

Alirudi kwa Mama Aber na swali moja: nani alizungusha karatasi? Alijibiwa kwamba karatasi ya kwanza aliizungusha Mama mwenyewe baada ya ibada, na nyingine nne zilizungushwa na katibu wao, Oketch, Mkenya anayepanga herufi kwenye duka la kupiga chapa pale Wandegeya.

Oketch alikuwa amesimama mbele ya trei za herufi za risasi, mikono myeusi hadi vifundoni. Ogwal aliiweka mbele yake ile karatasi yenye alama ya kidole.

"Jumatatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa kazini."

"Tajiri wako anasema ulifika saa tano."

"Nilikuwa naumwa."

"Bisibisi yako iko wapi?"

Oketch aliangalia droo.

"Oketch, sukari iko wapi?"

Hapo alikaa chini, juu ya bunda la karatasi.

"Siku ya kwanza niligonga milango arobaini," alisema. "Nikaeleza yote, mtaro, kalvati, wale watoto. Walinisikiliza vizuri, wakasema watafikiria. Nilirudi na karatasi tupu, na Mama ananisubiri. Kesho yake mwanamke mmoja akaniuliza kama ni orodha ya sukari. Nilikuwa nimechoka, afande. Nikasema ndiyo."

"Kwa wangapi?"

"Mia na ishirini. Jumapili Mama akasema barua anaipeleka Jumanne, mkononi. Ndipo nikaona nilichofanya. Wangekuja kuchukuliwa watu wasiojua hata wamesema nini."

"Ungemwambia hivyo hivyo."

"Asingeniamini tena."

"Kwa hiyo ukamwibia."

Oketch aliinua trei ya mwisho na kutoa zile karatasi tano. Alisema alitaka kuzichoma zote, akashindwa, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ya kweli.

Ogwal alizishika. Kila jina na dole lake. Kwa orodha ile, askari wa lori moja wangeweza kumaliza mtaa kwa asubuhi moja. Kituoni alikuwa akingojwa. Alisimama mlangoni, akamlaani Oketch kimoyomoyo, akamlaani Mama Aber na foleni ya chumvi, kisha akamshika mshukiwa wake mkono na kushika njia ya Bwaise. Sheria ilisema mali iliyopatikana ni ya mlalamikaji. Alijiambia hakuna zaidi ya hapo.

Mama Aber alisikiliza mpaka mwisho.

"Mia na ishirini?"

"Ndiyo, Mama."

"Ningepeleka ishirini na watatu. Nani alikwambia nataka mia?"

Alimwuliza Ogwal kama karatasi hizo ni mali yake. Ogwal alikubali. Mama akachagua nne na kuzitia ndani ya sigiri ya makaa iliyokuwa ikiwaka, moja baada ya nyingine. Huo ulikuwa ushahidi. Ogwal aliangalia ukuta.

Kisha Mama alisema hamshtaki mtu. Lakini Oketch ataanza sasa hivi, nyumba kwa nyumba, kuwaambia hakuna sukari na kwamba aliwadanganya. Oketch alitikisa kichwa kukubali, akaomba kalamu.

"Wewe ni Mkenya," Mama alisema.

"Maji hayakuniuliza. Yaliingia tu kwangu."

Aliandika jina lake lote chini ya yale ishirini na matatu, na nyumba anayokaa kama wenzake.

Ijumaa saa nne Mrakibu Muhamadi alinyoosha mkono bila kuinua macho. Ogwal alimkabidhi jalada: mali imepatikana, imerudishwa, mlalamikaji hataki kesi.

"Na orodha?"

"Iko ofisini kwa gavana, afande. Mama aliipeleka mwenyewe asubuhi hii."

"Majina mia na arobaini?"

"Ishirini na manne. Wengine walidhani ni sukari."

"Kwa hiyo hawa nao walidanganywa."

"Hapana, afande. Hawa walijua. Wameandika na mahali wanapokaa, ili wakijibiwa majibu yasipotee."

Muhamadi alifunga jalada, na mwezi uliofuata Ogwal akahamishiwa Karamoja, kwenye kituo kisicho na simu.

Kabla ya kuondoka alipita Bwaise. Rundo la udongo lilikuwa pale pale. Majibu yalikuwa hayajaja, na Mama Aber hakuwapo nyumbani. Jirani alimwambia ni Jumatatu, na kila Jumatatu Mama huenda kwa gavana kuuliza. Leo wamefuatana naye watu tisa.