Kiti Chenye Madoa ya Rangi

Harufu ya rangi mbichi ndiyo iliyotangulia, na hakuna aliyekuwa amepaka rangi. Nyumba ile haikuguswa na brashi tangu fundi rangi mwenyewe alipozikwa, na makopo yake yalikuwa stoo, vifuniko vimegandamana. Binti yake mkubwa aliinusa harufu hiyo alipokuwa anafungua mlango akitokea chuoni. Alisimama kizingitini, mkoba begani, pua juu, akajiambia ni jirani. Majirani husingiziwa mengi.

Nyumbani walimwita Profesa. Jina alipewa na baba yake siku alipopata nafasi ya kwenda chuo kikuu kusoma shahada ya saikolojia, na baba huyo hakuwahi kuelewa vizuri saikolojia ni kitu gani.

"Ni kutibu vichaa?"

"Ni kusoma jinsi watu wanavyofikiri, baba."

"Basi anza na mama yako, mimi nimeshindwa."

Mama, ambaye ni fundi cherehani, alimrushia mumewe kipande cha kitambaa usoni. Waliishi hivyo, kwa utani, mpaka siku ngazi ilipoteleza kwenye jengo la watu na baba akaletwa amefunikwa shuka.

Baada ya mazishi mdogo wake Profesa aliacha kusema. Alikuwa mtoto wa miaka minane, na jina lake la nyumbani lilikuwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Sasa alitikisa kichwa tu, ndiyo au hapana. Hospitali walisema koo ni zima. Mama alimwambia Profesa, "Si ndiyo unayoyasomea haya? Mfungue basi mdogo wako." Aliyasema bila kebehi hata kidogo, na ndiyo maana yalimchoma.

Chuoni alikuwa mwaka wa pili. Somo la ushauri nasaha lilifundishwa na mhadhiri ambaye wanafunzi walimwita Mama Kimya, maana akiuliza swali alikuwa anangoja jibu hadi darasa zima linaanza kukohoa. Yeye ndiye aliyewaonyesha kiti kitupu. Unaweka viti viwili vikitazamana. Mwenye huzuni anakaa kimoja. Kwenye kile kitupu anamfikiria mtu aliyempoteza na kumwambia yaliyomkaa moyoni. Halafu anahamia kile kitupu na kujijibu kwa niaba ya mtu huyo. Mwisho anarudi mahali pake, anaaga kwa mdomo, na kiti kinaondolewa.

"Kuaga ni lazima," alisema Mama Kimya. "Na nyie bado mnatazama tu. Atakayekwenda kujaribu sebuleni kwao asije akanililia ofisini."

Profesa alijaribu sebuleni kwao.

Alichagua mchana wa Jumamosi, cherehani ya mama ikinguruma chumbani. Kiti kitupu kilikuwa cha baba, cha mbao, hakina mto, miguu imejaa madoa meupe na ya kijani kwa sababu alikuwa anakipanda akipaka dari. Hakuna aliyekikalia tangu msiba. Alimketisha Chiriku mbele yake, akamwambia amfikirie baba amekaa pale, amwambie lolote, hata kwa macho. Chiriku alitazama magoti yake. Basi Profesa akaona amwonyeshe mfano. Akakigeukia kiti na kukiambia kile ambacho wanafunzi wote wa mwaka wa pili wanakariri kumwambia mteja.

"Karibu, baba, kaa. Hapa utasikilizwa. Hakuna atakayekufukuza."

Mbao zililia, kama zinavyolia mtu mzima anapojitupa. Profesa aliwaza ni joto la mchana. Chiriku akainuka bila kuambiwa, akaenda kukaa kwenye kiti cha baba, akafungua mdomo.

"Nimechoka kusimama," alisema.

Ilikuwa sauti ya Chiriku, imekwaruza kwa kukaa bila kutumika. Mama alikuja mbio na uzi mdomoni, akamkumbatia mtoto, akalia, Profesa naye akalia, na katika kukumbatiana huko hakuna aliyekumbuka kuaga. Kiti kilibaki pale pale katikati ya sebule. Jumatatu yake ndiyo Profesa aliporudi kutoka chuoni na kukuta harufu ya rangi.

Furaha yao haikudumu. Chiriku alisema akiwa kwenye kiti kile tu. Akishuka, alikuwa bubu kama mwanzo. Basi akawa hashuki ila kwa kulala, na kila alipokikalia tena sauti ilikuwa imeteremka kidogo, ikawa nzito, ikawa na kikohozi cha mtu aliyevuta vumbi la kuta maisha yake yote. Jioni moja Profesa alimkuta mama amekaa sakafuni mbele ya mtoto, nguo za wateja zimelundikana nyuma yake, cherehani imefunikwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Shh. Ni yeye."

"Ni Chiriku, mama."

"Sauti ile nimelala nayo miaka yote hii, usinifundishe." Kisha akakigeukia kiti, akanong'ona kwa aibu ya bibi harusi, "Unakumbuka ulikuwa unamwita huyu redio yako?"

"Redio yangu," kilijibu kiti, kwa kinywa cha mtoto.

Kesho yake sauti ile ililisema neno hilo yenyewe, bila kuulizwa, tena kwa kujidai. Hapo ndipo ubaridi ulipompanda Profesa. Alianza kusikiliza kama alivyofundishwa, na alichokisikia kilimtisha: sauti haikuwahi kusema jambo ambalo wao hawakuwa wamelisema kwanza. Ilichukua, ikageuza kidogo, ikarudisha. Mama alikuwa anailisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, na mtoto alikuwa anakonda.

Siku ya nne au ya tano ya hofu hiyo, mama akiwa bafuni, Profesa aliamua kumshusha mdogo wake kwa nguvu. Alimshika makwapani, akavuta, na mtoto yule aliyekuwa anabebeka kwa mkono mmoja hakutikisika, alikuwa mzito kama mtu mzima aliyekataa kusimama, na chini ya kiti, pale ambapo miguu mifupi ya Chiriku haikufika, visigino vya mtu vilikwaruza sakafu taratibu vikijisogeza nyuma, na harufu ya rangi ikafunguka kama kifuniko na ndani yake mlikuwa na harufu nyingine, ya maji ya tangi lililofungwa miaka, na Profesa akamwona mdogo wake akimtazama kutoka mbali sana ndani ya macho yake mwenyewe, akasikia kisauti chembamba, cha kweli, kinapenya.

"Dada, nabanwa. Nafasi inaisha."

Kisha kile kikohozi. Profesa alimwachia akakimbia.

Ofisini kwa Mama Kimya kulikuwa na viti vitatu, na kimoja kilikuwa kimegeuziwa ukuta. Profesa hakuuliza kwa nini.

"Hukuaga," alisema mhadhiri kabla hajaketi.

"Sikuaga, mwalimu."

Mama Kimya alingoja, na Profesa akamwaga yote, hata ile ahadi ya kutomfukuza mtu. Mhadhiri alivua miwani.

"Vitabuni hakuna neno jini, kwa hiyo darasani sikulitaja. Hapa nalitaja. Yule si baba yako na hajui lolote. Anasikiliza, anarudisha, kama nyie mnavyomrudishia mteja maneno yake ili ajione amesikika."

"Namtoaje? Anammaliza mdogo wangu."

"Kwanza mama yako ajue kwamba yule si mumewe. Akiendelea kumpenda, hatoki. Unakumbuka mhadhara wa kumbukumbu?"

Alikumbuka. Kuna watu wazima wanaulizwa kuhusu jambo la utotoni ambalo halikutokea, wanaulizwa tena kwa upole, na mwishowe wanalikumbuka, wanaongeza na hali ya hewa ya siku hiyo.

"Muulize jambo ambalo halikutokea," alisema Mama Kimya. "Halafu nyamaza. Havumilii kimya, atalijaza mwenyewe. Baada ya hapo aga, sawasawa, usilegeze. Ila sikia, binti. Uongo huo ukimaliza kazi, uzikeni. Msiusimulie tena, hata kwa kucheka. Kumbukumbu nayo ni mahali pa kukaa, na yule anatafuta pa kukaa."

Profesa aliitikia haraka haraka, kama anavyoitikia mtu anayepewa masharti ya dawa huku mgonjwa yuko mlangoni. Uongo wake aliutunga ndani ya basi.

Jua lilikuwa bado linaingia dirishani alipokaa kwenye kiti cha pili, akitazamana na Chiriku aliyekalia kile cha baba. Mama alisimama nyuma yake.

"Usimsumbue baba yako," alinong'ona mama.

"Namsalimia tu." Profesa akainama mbele. "Baba, unakumbuka siku tuliyonyeshewa sokoni, mimi na wewe?"

"Nakumbuka," ilijibu sauti.

"Tulikuwa na mwavuli."

"Mwavuli. Ndiyo."

"Wa rangi gani?"

Akanyamaza. Alinyamaza kama Mama Kimya, na kimya kikaenda, kikaenda, na kile kilichokuwa ndani ya Chiriku kikaanza kujinyonganyonga, shingo ya mtoto ikigeuka huku na huku kama ya mtu anayetafuta mlango gizani, mpaka maneno yakatoka yenyewe.

"Mwekundu. Ulikuwa mwekundu, nikakubeba begani, maji yakakuchukulia kiatu cha kushoto ukalia sana, nikakuvua na cha kulia nikakitupa, ili kisije kikaona upweke."

Mama alicheka huku analia. Utani ule ulikuwa wa mumewe kabisa. Profesa mwenyewe alitamani siku hiyo iwe ilikuwepo, na tamaa hiyo ilimtia hofu kuliko visigino.

"Mama," alisema bila kugeuka. "Siku hiyo haipo. Nimeitunga leo kwenye basi."

Mama aliacha kucheka. Sauti yake ikatoka imepoa.

"Nyumba hii haijawahi kuwa na mwavuli. Mume wangu alikuwa anasema mvua si rangi, haiachi doa." Akasogea mbele. "Wewe ni nani uliyemkalia mwanangu?"

Mdomo wa Chiriku ulipanuka kupita kiasi cha mdomo wa mtoto, na sauti zikatoka nyingi kwa pamoja, ya baba, ya mama, ya Profesa mwenyewe akisema karibu kaa, hapa utasikilizwa, hakuna atakayekufukuza, uliniambia, ulinikaribisha, nilikuwa nimechoka kusimama, na viti vyote viwili vikatikisika, na maji meusi yakaanza kuchuruzika kwenye miguu yenye madoa, na Profesa akataka kukimbia tena lakini akaona vidole vya mdogo wake vimeng'ang'ania ukingo wa kiti, vimekuwa vyeupe, vinajishikilia visizame.

Akavishika. Akasema neno ambalo hakuwahi kulisema tangu mazishi.

"Baba amekufa. Wewe si baba. Kikao kimekwisha. Kwaheri."

"Kwaheri," alisema mama.

Wakangoja. Kutoka mbali, kutoka chini, kisauti chembamba kikasema, "Kwaheri, baba," na hicho kilikuwa kilio, na mbao zikapasuka katikati kwa mlio uliowafanya majirani wafungue madirisha. Chiriku alimwangukia dada yake kifuani, mwepesi, mwenye jasho, akianza palepale kueleza kwamba mle ndani kulikuwa na baridi na kwamba ana njaa na kwamba mama amefunga kanga ndani nje.

Mama alikivunja kiti uani kwa shoka. Ndani mbao zilikuwa zimelowa, ingawa kilikuwa kiti cha sebuleni.

Chiriku alirudi shule, na mwalimu wake akaanza tena kulalamika kwamba anaongea darasani. Cherehani ilinguruma. Harufu ya rangi iliondoka. Profesa alifaulu somo la ushauri nasaha, na kila alipopishana na Mama Kimya kwenye korido walipeana salamu ya watu wanaojuana.

Mvua za kwanza zilianza Jumapili moja. Wote watatu walikuwa sebuleni, Chiriku akiokota vishikizo vilivyodondoka, mama akitia uzi kwenye sindano.

"Mvua kama hii ndiyo iliyokuchukulia kiatu," alisema mama huku anatabasamu.

Profesa aliinua kichwa kwenye kitabu. "Kiatu gani, mama?"

"Kile cha kushoto. Siku ile ya sokoni, baba yako amekubeba begani na ule mwavuli wake mwekundu. Mlirudi mmelowa chapachapa, nikawafokea hapo mlangoni."

"Nisimulie tena, mama," alidakia Chiriku. "Sehemu ya kiatu cha pili."

Profesa alifungua mdomo aseme kwamba nyumba hii haijawahi kuwa na mwavuli. Alitafuta ule usemi wa baba kuhusu mvua, ule aliousikia mara nyingi utotoni, wa mvua na rangi, na haukuja. Alitafuta sauti yake, haikuja. Kilichokuja ni bega pana, wekundu juu ya kichwa, matone yakipiga kitambaa, harufu ya rangi na ndani yake harufu ya tangi, na maji baridi yakipita kati ya vidole vya mguu wa kushoto.

"Unakumbuka?" aliuliza mama, sindano imesimama hewani.

"Nakumbuka," alisema Profesa, na ilikuwa kweli.