Sikio la Kamlai

Lamduan alikuwa mtoni, maji yakimfika magotini, akimsugua tembo wao Kamlai kwa makumbi ya nazi. Asubuhi ilikuwa tulivu. Kamlai alijimwagia maji taratibu kama zamani, kabla hajapelekwa kambini kuwachorea watalii picha kwa mkonga. Mkono wa Lamduan ulipofika nyuma ya sikio la kushoto, tembo alitetemeka mwili mzima. Chini ya tope lililokauka palikuwa na usaha.

"Nzi hao," alisema mumewe, Thongdi, kutoka ukingoni. Walikuwa wamerudi jana tu, yeye na tembo.

"Nzi gani wanauma mahali pamoja tu?"

"Basi jiulize mwenyewe. Nilipokuwa kambini, nyumba ulifagia, hukufagia?"

Sisi Wakui, kabila la wafugaji tembo, tunaujua mwiko huo: mume akiwa safarini na tembo, mke hafagii nyumba wala hakati nywele, mnyama asije akadhurika. Naye Lamduan alifagia siku moja Thongdi akiwa kambini, mchele ulipomwagika. Akaacha kusugua.

Lakini, wasomaji wangu, mwiko haupaki tope juu ya kidonda. Tope lile lilipakwa na mtu. Lamduan akamtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Mbona leo hataki kuingia majini? Mbona Kamlai haachi kuutazama mkono wake wa kulia?

Akakunja ngumi, akaipeleka karibu na sikio bila kuligusa. Papo hapo Kamlai akainua mkonga na kuanza kuchora hewani: shina, jani, ua.

"Mume wangu, ulikuwa unashika nini mkononi?"

"Kila mtu kambini anashika."

"Sijakuuliza habari za watu."

"Msumari wa kumdunga ili achore. Mdogo tu, watalii hata hawauoni."

"Kamlai anauona. Na mimi ukanibebesha ufagio."

Thongdi akainama. "Kesho kutwa wanatusubiri kule."

"Wasubiri mpaka wachoke. Huyu nilikuja naye kutoka kwa baba yangu, na haendi tena."

Thongdi akaingia majini ili asaidie. Kamlai akarudi nyuma, akaenda kusimama upande wa pili wa Lamduan. Mwanamume akabaki pale, mikono mitupu.

"Nenda kachemshe maji ya chumvi," mkewe akamwambia. "Hilo utaliweza."

Lamduan alikiosha kidonda mpaka jua likawa kali na tembo akachoka kuvumilia. Shimo la ndani ya kidonda halikufikika. Akaliacha mpaka kesho.

Funzo

Ndugu zangu, mchezo wa mnyama ukikufurahisha, utazame kwanza mkono wa anayemwongoza. Na mwiko wa wazee wetu tusiugeuze maficho, tukamtwisha mke kosa tulilolitenda wenyewe. Mnyama akirudi nyumbani, mkague mwili mzima kabla hujasikiliza maelezo ya mtu.